Mtoto wa mbwa hafunzwi kwa fimbo, hufunzwa kwa saa

Saa 11:00 alfajiri, giza bado limeifunika Milima ya Uluguru, nilishuka kitandani nikaenda sebuleni na kukanyaga maji ya uvuguvugu. Ulikuwa mkojo. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumlete Simba nyumbani, mtoto wa mbwa wa wiki nane, rangi ya udongo, miguu ya mbele myeupe mpaka kwenye vifundo. Niliwasha taa. Alikuwa amelala kwenye mlango wa jikoni, amejikunja kama kata ya kubebea ndoo.

Nilifanya nilichoona kikifanywa tangu utoto wangu. Nilimshika ngozi ya shingo, nikamburuta mpaka kwenye dimbwi lile, nikamwinamisha pua hadi karibu na mkojo, kisha nikampiga kibao mgongoni. Alitoa mlio mmoja mwembamba, akajikojolea tena palepale. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake.

"Baba, si alikuwa amelala?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu.

Siku iliyofuata sebule ilikuwa kavu. Nilidhani somo limeingia. Jioni tulipovuta kochi ili tufagie, tulikuta nyuma yake madoa matano ya mkojo na vinyesi viwili vilivyokwisha kukauka. Simba alikuwa amejifunza kweli, tena upesi: kwamba kujisaidia mbele yangu ni hatari, kwa hiyo atafute mahali nisipomwona. Nilipomtoa nje alikaa kwenye majani akinitazama kwa pembe ya jicho, hakojoi, mpaka turudi ndani, naye akakimbilia nyuma ya kochi.

Wiki hiyo tulimpeleka kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo. Nilimweleza daktari, mama wa makamo, shida yetu. Aliniuliza Simba anakula saa ngapi, analala saa ngapi, anatolewa nje saa ngapi. Sikujua hata moja. "Basi baba," alisema, "tupa fimbo, nunua daftari."

Makala haya yametokana na daftari hilo. Familia nyingi sasa zinalea watoto wa mbwa ndani ya nyumba. Wapo wanaoishi ghorofani wasio na ua. Wapo wanaofuga mbwa wa ulinzi lakini humlaza jikoni au varandani mpaka akue, kwa kuogopa baridi na wezi wa mbwa. Nimeshuhudia watoto wa mbwa wakifungwa mnyororo wakiwa na miezi mitatu, wengine wakirudishwa walikotoka, wengine wakitupwa karibu na soko usiku, kosa lao likiwa mkojo sakafuni. Kosa hilo si lao. Ni letu, na linarekebishika katika wiki chache.

Anakuja na usafi wake

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Hata kukojoa hawezi peke yake. Mama yake humlamba chini ya tumbo, na ulimi huo ndio unaoamsha mkojo na kinyesi, kisha mama huvila vyote ili malazi yabaki makavu. Ndiyo maana mahali alipozalia mbwa hapanuki siku za mwanzo, ingawa watoto ni saba au wanane.

Karibu na wiki ya tatu, miguu inapoanza kupata nguvu, watoto huanza kujivuta wenyewe pembeni mwa malazi kabla ya kujisaidia. Hakuna aliyewachapa. Wamelelewa mahali pakavu, nao hawataki kulala pachafu. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anapokuja nyumbani kwako anakuja na usafi wake tayari. Tatizo ni mpaka. Kwake yeye, malazi ni gunia analolalia. Hatua tano kutoka hapo, kwenye zulia lako, ni mbali, ni nje, ni chooni. Kazi yako yote ni kuusogeza mpaka huo polepole, kutoka kwenye gunia hadi chumbani, kutoka chumbani hadi sebuleni, mpaka nyumba nzima aione kuwa ni malazi yake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hatulijui. Karibu na wiki ya nane au ya tisa, mtoto wa mbwa huanza kushikilia aina ya sakafu anayoizoea miguuni wakati wa kujisaidia. Aliyezoea mchanga hutafuta mchanga. Aliyezoea majani hutafuta majani. Simba alizaliwa katika banda lililotandikwa magunia na nguo kuukuu, na muda wote huo hakutolewa nje. Alipofika kwetu alikwenda moja kwa moja kwenye zulia, na asipolipata, kwenye kanga iliyoanguka chini. Nilidhani ananikomoa. Kumbe alikuwa anatafuta choo alichokizoea. Unapokwenda kuchukua mtoto wa mbwa, uliza amelala juu ya nini na anajisaidia juu ya nini. Utajua mapema kazi inayokusubiri.

Halafu kuna kibofu chenyewe. Madaktari wa mifugo hutumia hesabu nyepesi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, jumla ndiyo idadi ya saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ni saa tatu, wa miezi mitatu ni saa nne. Hesabu hiyo ni kikomo cha mbwa aliyetulia. Akiwa macho, akicheza na watoto, mtoto wa miezi miwili anaweza kuhitaji kutoka kila nusu saa. Misuli ya kuzuia mkojo hukomaa taratibu, na wengi huaminika wakifika kati ya miezi minne na sita. Mbwa wa mbegu ndogo huweza kuchelewa zaidi. Kumpiga wa wiki nane kwa sababu ameshindwa kujizuia usiku kucha ni sawa na kumchapa mtoto mchanga kwa sababu amelowesha nepi.

Daftari la binti yangu

Binti yangu alitoa daftari la shule lenye kurasa zilizobaki, akachora safu nne: saa, amefanya nini, wapi, nani alikuwa naye. Alilitundika kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, kalamu ikining'inia pembeni. Ukurasa wa kwanza bado tunao:

Saa 12:05 asubuhi, kojo, nje, Baba.
Saa 1:10 amekula.
Saa 1:25 kubwa, nje, Dada.
Saa 3:40 ameamka, kojo, sebuleni, Mama alikuwa anapika.
Saa 5:30 kojo, zulia, hakuna mtu.
Saa 6:15 kubwa, nyuma ya kochi, hakuna mtu.

Siku nne zilitosha kutuonyesha picha. Alikojoa mara tu alipoamka, hata kama amelala dakika kumi. Alipata haja kubwa dakika kumi hadi ishirini baada ya kula. Alikojoa katikati ya mchezo au mwisho wake. Na kabla ya yote hayo alitoa ishara ambayo hatukuwa tunaitazama: aliacha ghafla alichokuwa anafanya, akainamisha pua sakafuni, akazunguka mduara mmoja au miwili.

Lakini lililotuuma zaidi ni ile safu ya nne. Karibu makosa yote ya Simba yalikuwa kwenye mistari iliyoandikwa "hakuna mtu". Kati ya saa 5:00 na saa 7:00 mchana, dada anayetusaidia kazi alikuwa sokoni, mimi na mke wangu tuko kazini, watoto wako shule. Simba hakuwa na wa kumfungulia mlango.

Tukapanga saa upya. Kwanza tuliacha kumwekea bakuli la ugali na dagaa siku nzima. Alianza kula mara tatu, saa 1:00 asubuhi, saa 7:00 mchana na saa 12:00 jioni, na baada ya dakika ishirini bakuli liliondolewa hata kama amebakiza. Chakula kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Maji hatukumnyima, maana joto la Morogoro halina huruma kwa kiumbe mdogo. Dada alihamisha safari ya sokoni hadi baada ya kumtoa Simba. Na kila mmoja alikubali sheria moja: mbwa akiwa macho na yuko huru ndani, lazima kuwe na jicho la mtu juu yake. Jicho likikosekana, anakwenda kwenye sehemu yake ya kulala.

Nje tulimchagulia kona moja, chini ya mwembe. Tulipitia mlango uleule kila mara, na alitoka akiwa na kamba nyepesi shingoni asije akapotelea kwenye michezo. Siku ya kwanza tuliweka pale kitambaa tulichopangusia mkojo wake, ili harufu imwite. Ukifika unasimama, unanyamaza, unasubiri. Dakika tano zinatosha. Akianza kukojoa, unatamka neno moja kwa sauti ya chini, neno lilelile siku zote. Sisi tulichagua "choo". Baada ya wiki mbili neno lenyewe lilikuwa linatosha kumkumbusha alichofuata pale. Asipofanya, unarudi naye ndani ukiwa umemshika au umemfunga kamba kiunoni kwako, na baada ya dakika kumi mnatoka tena. Kumwachia huru wakati huo ni kumkaribisha nyuma ya kochi.

Mkono mtupu haulambwi

Wahenga walisema hivyo kuhusu binadamu, lakini sijui methali inayomfaa mtoto wa mbwa kuliko hiyo. Kila aliyetoka na Simba alibeba dagaa wachache mfukoni. Wale wakavu wa Mwanza, harufu yao inamfikia mbwa kabla hujatoa mkono. Tone la mwisho likianguka, dagaa mmoja anaingia kinywani, pamoja na sifa za sauti ya furaha. Si baadaye. Hapohapo.

Hapa Morogoro tunao walimu wa jambo hili, tena walimu wenye mikia. Shirika la APOPO, lililoko kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mkufunzi hushika kidude kinachotoa mlio mfupi. Panya akifanya sawa, kidude kinalia, na papo hapo anapewa kipande cha chakula kama ndizi. Mlio humwambia kwa usahihi ni tendo gani limemletea ndizi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alifundishwa kwa njia hiyo akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Kama ndizi iliyotolewa kwa wakati humwezesha panya kuokoa maisha ya watu, dagaa aliyetolewa kwa wakati atamwezesha mbwa kukojoa chini ya mwembe.

Kwa wakati ndiyo siri yenyewe, na sisi tuliikosea mara mbili. Mara ya kwanza, dada alikuwa anampa Simba dagaa baada ya kurudi jikoni, kwa nia njema kabisa. Simba akaelewa kwamba analipwa kwa kuingia ndani, akawa anatoka na kugeuza mlangoni. Mara ya pili kosa lilikuwa langu. Kila alipomaliza kukojoa nilimrudisha ndani upesi ili niwahi kazini. Baada ya siku chache alianza kuzuia mkojo akiwa nje, kwa sababu aligundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza raha ya kuwa uani. Nilibadilisha mpangilio: akojoe kwanza, apate dagaa, halafu tucheze dakika tano kabla ya kuingia. Tatizo liliisha ndani ya wiki.

Uso unaodhaniwa ni wa hatia

Kila ninapozungumza na watu wanaofuga mbwa nasikia hoja ileile: "Anajua kakosea. Angalia anavyonitazama." Masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu, macho yanakwepa. Nami niliamini hivyo.

Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha utafiti alioufanya kwa mbwa 14. Kila mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au hakutii, na mara nyingine aliambiwa kinyume cha kilichotokea. Matokeo yalikuwa wazi: mbwa walionyesha ule uso wa hatia pale walipokaripiwa, wawe wamekula au hawajala. Uso ule ulikuwa jibu la hasira ya mwenye mbwa, haukuwa ungamo la kosa.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka alfajiri ile. Simba alikuwa amekojoa labda saa nzima kabla sijaamka. Katika akili yake, kibao hakikuhusiana na mkojo hata kidogo. Kilihusiana na mimi: baba mwenye nyumba huja gizani, huwasha taa, huumiza. Ukimkuta mbwa ameshajisaidia, wakati wa kufundisha umeshapita. Safisha, nenda kaandike kwenye daftari, jiulize ulikuwa wapi.

Ukimkuta katikati ya tendo, hapo una nafasi. Piga kofi moja jepesi la viganja, au mwite jina, ili akatize. Mnyanyue bila kelele, mpeleke kwenye kona yake, amalizie huko, na umpe dagaa kama vile alitoka mwenyewe. Usipige mayowe. Akishtuka sana atakumbuka mayowe peke yake.

Tambara la deki

Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina takribani milioni tano. Sakafu unayoiona imetakata, yeye anaisoma kama kibao kilichoandikwa "choo hapa".

Kwetu harufu ilikuwa inasambazwa na sisi wenyewe. Tulipangusa mkojo kwa tambara la deki, tukalisuuza kwenye ndoo, kisha kwa tambara lilelile tukapiga deki nyumba nzima. Ndani ya wiki moja Simba alikuwa anakojoa kwenye korido ambayo hajawahi kuichafua. Tukatenga tambara la mkojo na ndoo yake.

Njia inayofaa ni hii. Nyonya mkojo kwanza kwa karatasi au kitambaa kikavu, ukibonyeza bila kusugua. Osha kwa maji na sabuni. Kisha nyunyiza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika kumi, kausha. Kwa zulia, jaribu kwanza kwenye pembe ili lisichujuke rangi. Zipo pia dawa zenye vimeng'enya vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, na hizo ndizo bora zaidi kwa zulia na makochi. Epuka dawa zenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiimwage juu ya mkojo mbichi: vikikutana hutoa hewa inayowasha macho na koo, mbaya kwako na mbaya zaidi kwa mtoto na mbwa wanaotambaa karibu na sakafu.

Mahali pa kulala

Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kreti ya mbao yenye mlango wa fito, tukaiweka chumbani kwetu. Kipimo kilikuwa kimoja: Simba aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Ikiwa pana mno, mtoto wa mbwa hulala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Kwa kuwa angekua, fundi aliweka ubao wa katikati unaosogezwa nyuma kadiri Simba anavyorefuka.

Kreti ni malazi. Si jela. Chakula cha mchana alipewa humo, mlango ukiwa wazi, mpaka akawa anaingia mwenyewe kulala. Hatukumfungia humo kama adhabu, wala kumwacha humo kuliko saa ambazo kibofu chake kingevumilia. Mbwa akilazimika kukojoa kwenye malazi yake siku baada ya siku, ule usafi aliopewa na mama yake hufa, na kuufufua ni kazi nzito.

Usiku tulimtoa saa 4:00 kabla ya kulala, kisha saa 8:00 kwa mlio wa simu. Hakuna taa kubwa, hakuna maneno mengi, hakuna mchezo. Mwembeni, dagaa, kitandani. Baada ya wiki tatu mlio wa saa 8:00 tuliusogeza hadi saa 9:00, halafu saa 10:00, kisha tukauzima.

Kwa wanaoishi ghorofani bila ua, trei pana yenye mchanga au bamba la majani kwenye kibaraza inasaidia, hasa miezi ya mwanzo. Gazeti nalo linatumika, lakini kumbuka lile jambo la sakafu: aliyezoea gazeti atalitafuta gazeti, hata lile ulilokuwa hujalimaliza kusoma. Anza tangu siku ya kwanza na kitu kinachofanana na choo chake cha kudumu.

Udongo, chanjo na minyoo

Kuna sababu nyingine ya kumchagulia kona ndani ya ua wako badala ya kumtembeza barabarani. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu na kutapika, huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo zake huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto afike wiki ya 16 hivi. Kabla ya hapo, majani ya kando ya barabara ambako mbwa wasiojulikana wamejisaidia si mahali pake. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu. Usiiache ipite. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu huwa hauna tiba, na karibu wote wanaoupata wameupata kwa kuumwa na mbwa.

Halafu kuna minyoo. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo au kuipata kwenye maziwa ya mama, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakakaa kwenye udongo ambao watoto wetu wanauchezea. Mpe dawa ya minyoo kama daktari atakavyopanga, tangu akiwa na wiki chache tu. Kinyesi kiokote kila siku kwa koleo, kizike mbali na bustani ya mboga.

Na mbwa aliyekwisha kuzoea kutoka nje, akianza ghafla kukojoa ndani, au kukojoa kidogokidogo kila mara, usimwite mkaidi. Mara nyingi ni maambukizi kwenye njia ya mkojo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujamtilia shaka.

Jirani anayeswali

Ua wetu unapakana na baraza la jirani yetu, mama mtu mzima anayeswali hapo alfajiri na jioni. Waislamu wengi wa nchi yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kabla ya kumleta Simba nilikwenda kumwona.

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa habari ya mbwa."

"Marahaba mwanangu. Mbwa si neno. Neno ni mahali anapopita."

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu. Kuna methali ya pwani isemayo mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Watu huitumia kuonya juu ya mazoea yanayovuka mipaka. Mbwa hajui mpaka wa msikiti, wala wa baraza, wala wa kamba ya kuanikia kanzu. Mpaka lazima uwekwe na anayemfuga. Kona ya mwembe tuliichagua upande wa mbali na baraza la mama yule, na kamba ya kumtolea Simba ilikuwa fupi kiasi cha kutoufikia ukuta wake. Kumfunza mbwa mahali pa kujisaidia ni malezi ya mbwa, na ni ujirani pia. Mwenye nyumba ya kupanga, jirani asiyependa mbwa, mgeni anayevua viatu mlangoni, wote wana haki ya sakafu safi.

Mlangoni

Safu ya "wapi" kwenye daftari ilianza kujaa neno "nje" wiki ya tatu. Makosa hayakuisha siku moja. Mvua za masika zilipoanza Simba alikataa kukanyaga majani yenye maji, na kwa siku mbili tulirudi nyuma. Binti yangu alisimama naye mwembeni chini ya mwavuli, koti amelivaa yeye, mwavuli umemfunika mbwa, akisubiri. Alimpa dagaa wawili siku hiyo badala ya mmoja, na akaandika hivyo kwenye daftari.

Simba alikuwa na miezi minne na siku chache nilipoamshwa alfajiri na sauti ya kucha mlangoni. Kreti ilikuwa wazi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, anaukwaruza mara moja, anageuka kunitazama, anaukwaruza tena. Nilifungua bila kuwasha taa. Hakukimbilia kona yenye giza. Alikwenda hatua chache mbele ya miguu yangu, chini ya mwembe, akachutama nikimwona, na alipomaliza akarudi kuinusa mifuko ya suruali yangu ya kulalia.

Sikuwa na dagaa. Niliingia jikoni gizani, nikafungua kopo, nikamletea watatu. Walichelewa kidogo, lakini mkononi mwangu alikula bila kunikwepa.

Asubuhi nilikuta binti yangu ameshaandika: saa 11:00, kojo, nje. Kwenye safu ya nne aliniuliza aandike nani. Nikamwambia aandike Baba, halafu mbele yake aandike pia Simba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniamsha.